Kazi zimebadilika, darasa je? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifanya kazi ofisini miaka kadhaa kabla ya kushika chaki. Tangu niingie darasani maswali haya yananifuata kila mahali: kwenye vikao vya wazazi, kwenye chumba cha walimu, mara nyingine mlangoni kipindi kikiwa kimeisha. Nimeyajibu kama ninavyoona mimi. Mengine majibu yake ni marefu kwa sababu ndipo penye mambo, na mengine sentensi chache zinatosha.

"Utamaduni wa kazini" ni nini hasa?

Ni yale yasiyoandikwa kwenye mkataba lakini kila mtu anayafuata. Nani anaweza kumkatiza bosi. Habari mbaya inamfikiaje mkuu: kwenye kikao, kwa ujumbe, au kwa umbea. Mtu akikosea anaitwa pembeni au anaanikwa mbele za watu. Kazi inapimwa kwa saa ulizokaa kitini au kwa kilichotoka mkononi mwako. Mfanyakazi mgeni huyasoma haya ndani ya wiki mbili bila kuambiwa na mtu, sawa na mwanafunzi mgeni anavyogundua upesi kwamba kwa mwalimu fulani hakuna kuuliza swali.

Umebadilika kweli, au ni maneno ya semina?

Umebadilika, ingawa si kila mahali na si kwa kasi moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Frederick Taylor alieneza wazo kwamba kufikiri ni kazi ya wasimamizi na kutenda ni kazi ya wafanyakazi. Kazi ilipimwa kwa saa, ikakatwa vipande, na kila mtu akapewa kipande chake na namna moja tu ya kukifanya. Mwaka 1913 kiwanda cha Henry Ford kikaanza kuunganisha magari kwenye mstari unaotembea, na muda wa kuunganisha chasisi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban saa moja na nusu. Kwa kazi ya namna hiyo mfanyakazi bora alikuwa anayewahi, anayetii na asiyeuliza.

Baadaye wengine waliona ubovu wa mpango huo. Kiwanda cha Toyota kiliweka kamba juu ya mstari wa uzalishaji, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta. Tatizo lisipotatuliwa papo hapo, mstari mzima unasimama. Hebu fikiria mtu wa cheo cha chini kabisa ana ruhusa ya kusimamisha kiwanda, na hagombezwi kwa kufanya hivyo. Kisha ikaja 2020, janga la korona likawatoa watu ofisini, na mamilioni wakajikuta wanafanya kazi bila msimamizi wa kuwatazama. Wengi wamerudi, lakini si kwa siku zote tano. Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika ukiiagiza, na sehemu kubwa ya uandishi wa mazoea ikawa kitu ambacho mtu anaweza kukipata kwa sekunde.

Nisidanganye kwamba amri zimekwisha. Yako maghala na vituo vya kupokea simu ambako leo kompyuta inamhesabia mfanyakazi sekunde kwa ukali ambao hata Taylor hakuuota. Mwanafunzi ajue kwamba anaweza kukutana na hali zote mbili, pengine kwa mwajiri mmoja.

Kwa hiyo shule ziwe zinawaandalia waajiri watu?

Hapana. Mwajiri anamtaka mtu wa kuanza Jumatatu, na shule inamlea mtu atakayeishi miaka hamsini au sitini baada ya kutoka getini. Programu ya kompyuta ambayo mwajiri anailalamikia leo kwamba "vijana hawaijui" itakuwa imetupwa kabla mwanafunzi wa kidato cha kwanza hajamaliza. Ninachodai mimi ni kidogo zaidi, na kwa maoni yangu ni kigumu zaidi: tubadilishe namna tunavyofundisha, tusiongeze tu orodha ya vitu vya kufundisha. Kila mara dunia ikibadilika mtu huja na somo jipya la kuchomeka kwenye ratiba. Ratiba imejaa.

Mtoto hajaajiriwa bado. Atajifunzaje utamaduni wa kazi?

Tayari anajifunza. Darasa ndilo mahali pake pa kwanza pa kazi. Ana msimamizi, ana wenzake, ana kazi zenye tarehe ya mwisho, na ana malipo yanayoitwa alama. Kipindi cha stadi za maisha cha Ijumaa mchana kinamfundisha kidogo sana kuhusu kazi. Vipindi vingine vyote, kwa jinsi vinavyoendeshwa, vinamfundisha mengi.

Tazama tunachomfundisha bila kukusudia. Usipojua, inamisha kichwa usije ukaitwa. Kazi yako ifunike kwa mkono, mwenzako asione. Kazi inaandikwa mara moja, inapigwa wino mwekundu, na haiguswi tena. Anayejua jibu ni mmoja na anasimama mbele.

Mimi nilifaulu vizuri sana masomo hayo ya pembeni. Nilipoajiriwa mara ya kwanza niliambiwa niandae taarifa ya robo mwaka, na mkuu wangu akaongeza, "Weka na mchanganuo kwa makundi." Sikujua kama alimaanisha makundi ya wateja au makundi ya bidhaa. Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa, kwa sababu ndivyo nilivyofanya miaka kumi na sita ya shule. Siku nne nikajifungia na majedwali. Siku ya tano nikapeleka kazi safi, yenye rangi na vichwa vya habari, isiyotakiwa na mtu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mbona hukuniuliza Jumatatu?" Siku ile sikuwa na la kujibu. Leo ninalo: nilikuwa mwanafunzi bora.

Mbona unasisitiza sana suala la kuuliza na kusema?

Kwa sababu kunyamaza kumeua watu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ukungu ulikuwa mzito na ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Rubani mkuu wa ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, alianza kuondoka kabla hajaruhusiwa kuruka, huku ndege ya Pan Am, shirika la Marekani, ikiwa bado iko mbele yake. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma ya marubani alisikia maneno kwenye redio, akaingiwa na shaka, akauliza kama ile nyingine haijatoka njiani. Rubani mkuu, ambaye alikuwa mkufunzi mwandamizi wa shirika hilo, akajibu kwa mkazo kwamba imeshatoka. Mhandisi hakurudia swali. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi.

Watu wa usafiri wa anga hawakuishia kuwaambia wasaidizi "jiamini". Walibadilisha mafunzo. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha kuhusu suala hilo, na mwaka 1981 shirika la ndege la United likaanzisha kozi kwa marubani wake. Msaidizi anafundishwa namna ya kutoa shaka yake, na namna ya kuitoa mara ya pili kwa maneno ya wazi zaidi kama ya kwanza imepuuzwa. Rubani mkuu naye anafundishwa kusikiliza. Hilo la rubani mkuu huwa tunalisahau. Tunawahimiza wanafunzi wasiogope kuuliza, kisha anayeuliza tunamjibu, "Ulikuwa wapi nilipoeleza?"

Hospitali nazo zimepita njia hiyo. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ina jambo dogo: kabla ngozi haijakatwa, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Ukiangalia haraka utadhani ni mchezo wa kufahamiana. Wazo lake ni kwamba mtu ambaye sauti yake imeshasikika mara moja haoni tabu kuitoa tena jambo likiharibika. Hospitali nane za miji minane zilipoijaribu orodha hiyo yote, vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009.

Darasani kwangu nimeacha kuuliza "Mmeelewa?" Sote tunajua jibu lake: "Ndiyooo!", kwa sauti moja, hata kama nimefundisha kwa lugha ya ndege. Siku hizi nauliza, "Ni wapi hapajakaa sawa?" kisha nahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni ndefu sana ukiwa umesimama mbele ya watu.

Pia wiki ya pili ya kila muhula naandika kosa la makusudi ubaoni. Safari moja nilijumlisha safu ya hesabu nikaandika 470 badala ya 740, nikaendelea kana kwamba hakuna kitu. Nikasikia minong'ono. Vichwa vikageukiana. Hakuna mkono uliopanda. Nilifika mstari wa sita ndipo msichana mmoja wa karibu na dirisha akainua kiganja hadi usawa wa bega tu, akasema, "Samahani mwalimu, labda mimi ndiye sijaona vizuri, lakini..." Nikamwambia, "Umeona vizuri. Sema tena, mara hii bila samahani." Darasa likacheka. Akasema tena. Kuanzia siku hiyo makosa yangu yasiyo ya makusudi nayo hayapiti, na sitasema ni mara ngapi kwa wiki.

Hapo si tunafundisha utovu wa adabu?

Swali hili naulizwa zaidi na wazazi, na si la kupuuza. Kumwambia mkubwa kwamba amekosea kuna namna yake, na namna hiyo haimjii mtu usingizini. Inafundishwa. Mimi huwapa kiunzi hiki: taja ulichokiona, taja unachokihofia, kisha pendekeza jambo. "Mwalimu, naona tarehe ya kukusanya imeandikwa tarehe 14. Tarehe 14 ni Jumapili, nahofia kazi zitapotea. Tuzilete Ijumaa?" Hapo hakuna aliyevunjiwa heshima. Utovu wa adabu wa kweli ni ule wa kumnyamazia mtu akiwa mbele yako na kumsema akishageuka, na ofisi nyingi nilizozijua zinaendeshwa kwa namna hiyo.

Tukivumilia makosa, wanafunzi si watazembea?

Inategemea kosa lenyewe na kinachofuata baada yake. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza timu za wahudumu wa hospitali miaka ya 1990, alitarajia timu nzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zilimwonyesha kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipofuatilia ikaonekana kwamba si kwamba walikosea zaidi. Hawakuogopa kuyataja. Kwingine makosa yalikuwepo ila yamefichwa chini ya zulia.

Kwa hiyo mimi navumilia kosa lililotajwa mapema, na siyavumilii matatu: lililofichwa, lililorudiwa baada ya kuelekezwa, na lililotokana na kutofungua daftari kabisa.

Ila kosa litafundisha kitu ikiwa tu kuna mzunguko wa pili. Huko kazini karibu hakuna hati inayotoka kama ilivyoandikwa mara ya kwanza. Rasimu inapita kwa mwenzako, inarudi na maoni, inarekebishwa, inapita tena. Shuleni tunampa mwanafunzi 11 kati ya 20, anaitazama namba, anaangalia ya jirani, anafunga daftari. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alionyesha jambo linalowaudhi walimu wengi. Wanafunzi waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri na hamu ya kazi ikabaki, lakini waliopewa alama pamoja na maoni walifanana na waliopewa alama peke yake. Alama ilimeza maoni. Yale maandishi yote ya pembeni mwa ukurasa tunayoyaandika usiku, tukiyaambatanisha na namba, yanasomwa na sisi wenyewe.

Ninachofanya: insha moja kwa mwezi inakusanywa mara mbili. Mara ya kwanza inarudi na maoni matatu tu, bila alama. Mara ya pili ndipo alama inatolewa, na sehemu ya alama hiyo inategemea alivyoyafanyia kazi yale matatu. Nimepunguza idadi ya insha ili nipate muda. Afisa mmoja wa ukaguzi alinihesabia insha akaniambia ni chache. Ni kweli.

Kazi za makundi zinawaumiza wanaojituma. Mtoto wangu anafanya yote, wengine wanaandika majina.

Mzazi, una haki ya kulalamika. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba na kuona kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo kila mmoja anavyovuta kwa nguvu kidogo zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Utafiti wa baadaye, wa mwaka 1981, uligundua kwamba uvivu huo hupotea pale kila mmoja anapojua kwamba mchango wake unaonekana. Ukiwakusanya wanafunzi sita, ukawapa karatasi moja na alama moja, umewapa kamba na kuwageuzia mgongo.

Kufanya kazi na wenzako ni ufundi, na una sehemu zake zinazofundishika: kugawana, kukabidhiana, kukubaliana nani anaamua, kumwambia mwenzako kwamba kipande chake hakijakamilika. Njia mojawapo nzuri ilianzishwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson mwaka 1971 katika shule za Austin, Texas. Kila mwanafunzi anapewa sehemu ya somo ambayo wenzake hawana. Kundi haliwezi kuelewa somo bila kumsikiliza, naye hawezi kujificha. Mimi naongeza la makabidhiano: katikati ya mradi nabadilisha watu. Mwanafunzi anaondoka kundi la kwanza kwenda la tatu, na anayekuja kushika nafasi yake hana ila maandishi aliyoachiwa. Mara ya kwanza wanakuta karatasi imeandikwa "tumefika hapa pa katikati". Ugomvi unazuka, kweli kweli. Mara ya pili wanaandika ipasavyo.

Na alama ziwe mbili, ya kundi na ya mtu. Makundi ya watu watatu au wanne yanatosha. Ukifika sita umeshatengeneza abiria.

Kuna stadi moja ambayo ungeichagua kuliko zote?

Kuandika kwa ufupi na kwa wazi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Zamani mtu alikwama, akainuka, akaenda meza ya pili akauliza. Leo mwenzake yuko nyumbani kwake, au yuko nchi ambayo kwao ni usiku, na ujumbe ndio unaofanya kazi yote. Asipoandika vizuri, swali la dakika mbili linakula siku mbili za kuulizana "unamaanisha ipi?"

Nawaonyesha jumbe mbili. Wa kwanza:

"Habari. Ile kazi imegoma. Naomba msaada."

Wa pili:

"Habari za asubuhi. Nimekwama kwenye jedwali la pili la taarifa ya mauzo. Jumla ya Machi hailingani na stakabadhi: zimezidi 12. Januari na Februari nimezihakiki, ziko sawa. Nadhani kuna stakabadhi zilizofutwa ambazo sijaziona. Naomba orodha yake. Nisipoipata kabla ya saa nane, nitaendelea na sehemu ya tatu na kulirudia hili kesho."

Kisha nauliza: msomaji wa ujumbe wa kwanza itabidi aulize maswali mangapi kabla ya kusaidia? Huwa wanafika matano au sita. Ile sentensi ya mwisho ya ujumbe wa pili ndiyo ninayoipenda. Inamwambia mwenzako kwamba hata asipojibu, hukai bure. Mwanafunzi anayejua kuiandika hahitaji msimamizi wa kumsimamia mgongoni.

Zoezi hili halina haja ya kompyuta. Nusu ya darasa inaandika maelekezo ya kuchora umbo fulani, nusu nyingine inachora bila kuuliza chochote, michoro inabandikwa ukutani. Kicheko kinafanya kazi ambayo wino wangu mwekundu haukuiweza kwa miaka.

Na akili mnemba? Tuipige marufuku au tuwaachie?

Inategemea mwanafunzi yuko hatua gani. Anayejifunza kuandika aya hapaswi kuandikiwa aya, kama anayejifunza kuogelea asivyofaa kubebwa na mashua. Atafika ng'ambo, lakini hatayajua maji. Akishakuwa na uwezo wake, aitumie, na afundishwe lile ambalo mwajiri atamdai: kuwajibika kwa kilichotoka chini ya jina lake. Mashine hizi huandika uongo kwa lafudhi ileile ya ukweli. Wanafunzi wangu wa juu nawapa aya iliyoandikwa na mashine, na kazi yao ni kupigia mstari kila dai linalohitaji kuthibitishwa, kisha kueleza wangelithibitishaje. Wengi mara ya kwanza wanapigia mstari madai mawili. Mimi huwa nimeona tisa.

Pili, nimerudisha mdomo. Akikusanya kazi kubwa, anakaa nami dakika tano. "Kwa nini umeanza na sababu hii? Ungeiondoa aya ya tatu kingeharibika nini?" Aliyefikiri anajibu, hata kwa kigugumizi. Asiyefikiri hujua mwenyewe, na sina haja ya kumshitaki.

Kama kila kitu kiko mtandaoni, kukariri kuna faida gani tena?

Kubwa. Hapa natofautiana na wenzangu wanaopenda mabadiliko. Mtu hawezi kuhoji asichokijua: yule mhandisi wa Tenerife alitia shaka kwa sababu alijua maneno ya redio yana maana gani. Fikra za kina zinahitaji kitu cha kufikiria. Na njia bora ya kukiingiza kichwani inajulikana. Watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi kuliko waliosoma upya kurasa zilezile. Majaribio madogo ya mara kwa mara, yasiyo na alama, yabaki. Kinachostahili kwenda ni kukariri maelezo ya mwalimu neno kwa neno ili umrudishie kwenye mtihani.

Mafunzo kwa vitendo hayatoshi?

Yanasaidia sana yakipangwa vizuri. Wazo la kupokezana darasa na kazi lina zaidi ya karne: Herman Schneider alilianzisha Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906 kwa wanafunzi wa uhandisi. Nguvu yake iko kwenye kupokezana huko, kwamba mwanafunzi anarudi darasani na maswali aliyoyapata kazini. Kwa wengi wetu mafunzo yanawekwa mwishoni, mwanafunzi anaenda, anatumwa kutoa nakala wiki nane, anagongewa muhuri kwenye kitabu chake, na hakuna anayemwuliza alichokiona.

Kuna tabia za kazini ambazo hatupaswi kuwafundisha?

Zipo, na naona zinapita bila kuulizwa kwa sababu zimevaa nguo mpya. Kujibu ujumbe usiku wa manane kunaitwa kujituma. Mkutano juu ya mkutano kunaitwa ushirikiano. Kufanya kazi bila malipo kunaitwa fursa. Mwalimu anayetuma kazi kwenye kundi la simu saa nne usiku na kuitaka asubuhi anamzoesha mtoto kwamba muda wake si wake. Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu baada ya saa za kazi. Saa nane za kazi kwa siku nazo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilipiganiwa, na mwaka 1919 zikawa mada ya mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani.

Mwanafunzi anayeelekea kwenye mafunzo ajue pia kwamba mkataba namba 190 wa shirika hilo, wa mwaka 2019, dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, unawataja hata wanagenzi, walio mafunzoni na wanaotafuta kazi. Wengi wanadhani hawana haki hadi waajiriwe. Kumfundisha mtu kufanya kazi na watu bila kumfundisha mahali pa kusema "hapana" ni kumpeleka nusu.

Nina wanafunzi sabini na mtihani wa mwisho uko palepale. Nifanyeje?

Usifanye yote. Chagua moja lisilohitaji ruhusa ya mtu. Kubadilisha "Mmeelewa?" hakugusi silabasi wala hakugharimu kitu. Wanafunzi kusomeana rasimu wawili wawili kabla hujazigusa wewe kunakupunguzia kazi ya kusahihisha, hasa ukiwapa maswali mawili tu ya kujibu: ni sentensi gani haikueleweka, na ni dai gani halina ushahidi? Rasimu mbili kwa watu sabini ni mzigo, hiyo nakubali, na mimi nisingeijaribu kwa zaidi ya insha moja kwa muhula.

Nyumbani nifanye nini?

Badala ya "Umepata ngapi?" jaribu "Leo umeuliza nini?" Siku za mwanzo utajibiwa "sijauliza." Vumilia.

Walimu wenyewe wengi hatujawahi kufanya kazi nje ya shule. Tutafundishaje tusichokijua?

Mnakijua, kwa sababu shule nayo ni mahali pa kazi. Utamaduni wa chumba cha walimu hushuka darasani kwa ngazi. Mkuu anayewagombeza walimu mbele ya wanafunzi hawezi kushangaa wanafunzi wakionyeshana ubabe. Mahali ambapo mwalimu mgeni anaweza kusema kwenye kikao "mada hii imenishinda, nani anaweza kuja kuniona nikifundisha?" bila watu kutazamana, pana wanafunzi wanaouliza. Nimefundisha shule mbili. Katika moja, milango ya madarasa ilifungwa kipindi kikianza, na mwalimu mwenzako akiingia ulijua amekuja kukuchunguza. Katika nyingine tulikuwa na kiti kimoja nyuma ya kila darasa, cha mbao, kimeandikwa kwa chaki "cha mgeni". Mwalimu yeyote mwenye kipindi cha wazi alikuwa na ruhusa ya kuingia na kukaa. Wiki za kwanza kilikaa kitupu. Aliyekikalia wa kwanza kwangu alikuwa mwalimu wa miaka mingi kuliko sisi sote, mwenye daftari mkononi, na kipindi kilipoisha alinifuata kuniuliza ile hesabu ya mstari wa nne nilivyoipata, kwa sababu yeye hakuielewa.